Maswali ya Wasomaji: Nahodha, Bildi na Mtu wa Omo

SWALI: Mhariri wa safu hii, shikamoo. Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, nina umri wa miaka 29, na ninaishi Tabata. Mtaro unaopita nyuma ya nyumba yetu uliziba tangu masika ya mwaka juzi. Tumekaa mikutano minne ya mtaa kuuzungumzia. Mwenyekiti anamlaumu diwani, diwani anamlaumu mtendaji, mtendaji analaumu bajeti, na mvua ikinyesha maji yanaingia chumbani kwa mama yangu. Wakati wa kampeni tuligawiwa fulana na kanga, tukapikiwa pilau, na nimewaona majirani kwa macho yangu wakiamua kura yao kwa sahani hiyo. Rafiki yangu aliyesoma Singapore ananieleza jinsi mtu mmoja mwenye akili na msimamo alivyoigeuza nchi ile. Wahenga nao walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Je, si afadhali tumpate mtawala mmoja msomi, asiye mwizi, anayeipenda nchi, tumpe madaraka yote kwa miaka 30, kuliko kuendelea na demokrasia hii iliyojaa kasoro? Ninaomba usinijibu kwa kaulimbiu.
M.K., Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na uchungu uliomo ni wa haki. Mtu aliyesomea jinsi maji yanavyopaswa kutiririka, akajua kwamba mtaro ule ungeweza kuzibuliwa kwa siku chache na vibarua wachache, kisha akakaa mikutano minne akisikiliza watu wakitupiana lawama, ana sababu ya kuchoka. Nitaanza na nchi uliyoitaja, kwa sababu ndiyo hoja yako yenye nguvu kuliko zote, na kuikwepa lisingekuwa jambo la uungwana.

Lee Kuan Yew alikuwa Waziri Mkuu wa Singapore kuanzia mwaka 1959 hadi 1990. Nchi yake ilipotengana na Malaysia tarehe 9 Agosti 1965, ilikuwa kisiwa kisicho na madini, chenye watu wasiofika milioni mbili, na kilichotegemea maji kutoka kwa jirani yake. Alipoondoka kwenye kiti hicho, bandari ya kisiwa hicho ilikuwa miongoni mwa bandari zenye shughuli nyingi zaidi duniani, na wananchi wengi waliishi katika nyumba zilizojengwa na serikali, wengi wao wakiwa wamezinunua. Mwaka 1986 waziri wake wa maendeleo ya taifa, Teh Cheang Wan, alichunguzwa kwa tuhuma za rushwa, na cheo hakikumkinga. Alijiua kabla ya kufikishwa mahakamani. Hayo yote ni kweli, na anayeyakana hakusaidii. Ni kweli pia kwamba Chia Thye Poh, aliyekuwa mbunge wa upinzani, aliwekwa kizuizini mwaka 1966 akakaa humo miaka 23 bila kufunguliwa kesi. Wanaokisifia kisiwa kile mara chache humtaja mtu huyu, nami ninaona kwamba yeyote anayetaka kununua mfumo ule anapaswa kuisoma bei yake yote.

Lakini ninataka ukitazame kisa kimoja kidogo, kwa sababu kwangu mimi ndicho chenye jibu la swali lako. Lee aliamini kwamba wanawake wenye shahada walikuwa wakizaa watoto wachache mno, na kwamba akili ya taifa ingepungua kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1984 serikali yake ikaanzisha mpango wa kuwapa watoto wa akina mama wasomi kipaumbele katika kuandikishwa shule. Mpango huo haukutungwa na wajinga wala wezi, bali na watu waliosoma vyuo vikubwa, wenye takwimu mezani na wenye nia ya kulinda nchi yao, yaani watu wale wale unaowatamani. Wananchi waliuchukia, wakiwemo wanawake wasomi ambao mpango ulikusudiwa kuwapendelea. Desemba ya mwaka huohuo ulifanyika uchaguzi. Kura za chama tawala zilishuka kutoka takriban asilimia 78 za mwaka 1980 hadi takriban 65, wapinzani wakapata viti viwili bungeni, na mwaka 1985 mpango ukafutwa. Mwaka 2011 hali kama hiyo ilijirudia kwa namna nyingine, pale Waziri Mkuu Lee Hsien Loong, mwana wa yule wa kwanza, alipowaomba wananchi radhi katikati ya kampeni kwa makosa ya serikali yake.

Unaona basi kwamba hata katika nchi inayotolewa kama mfano wa utawala wa mtu mwenye busara, kura iliyobanwa na yenye kasoro nyingi ndiyo iliyomwambia mwenye busara kwamba amekosea. Mambo mengine yaliyomsaidia hayakuwa yake peke yake. Ofisi ya kupambana na rushwa ilianzishwa mwaka 1952, miaka saba kabla hajashika madaraka, na hadi mwaka 1994 rufaa za mahakama za kisiwa hicho ziliweza kufika London, mbele ya majaji ambao hakuwateua yeye. Mwekezaji aliyeleta fedha zake pale alikuwa akiamini mfumo, na si tabia njema ya mtu mmoja.

Umenukuu methali ya manahodha, na ni methali ya kweli. Ujanani nilisafiri kwa jahazi kutoka Bagamoyo kwenda Unguja. Nahodha alikuwa mmoja, mzee wa maneno machache, na hakuna aliyemgombania usukani. Hata hivyo, tulipokaribia mafungu, kijana mmoja alisimama omo, mbele ya chombo, akiwa na bildi mkononi, yaani uzito uliofungwa kwenye kamba ya kupimia kina, akaitumbukiza majini na kupaza sauti: pima tatu, pima mbili na nusu, pima mbili. Mzee yule, aliyeifahamu njia ile kabla kijana hajazaliwa, aliigeuza jahazi kwa kuifuata sauti hiyo. Hakuna aliyemwona dhaifu kwa kufanya hivyo, kwa maana aliyekaa tezi, nyuma ya chombo, hawezi kuuona mwamba ulio chini ya omo, hata awe hodari namna gani. Swali lako, ukilichambua, linahusu nahodha. Mimi ninakuomba uulize habari za yule kijana: ni nani atakayepima kina, na atapaza sauti yake bila hofu ya kutupwa baharini?

Huna haja ya kwenda mbali kupata mfano. Sisi tuliwahi kuwa na kiongozi msomi, asiye mwizi, aliyeipenda nchi, na aliyekaa madarakani zaidi ya miaka 20. Ninamheshimu Mwalimu Nyerere kwa moyo wangu wote, na kwa sababu hiyo ninayachukulia maneno yake kwa uzito, pamoja na yale aliyoyasema juu ya makosa yake. Hata ndani ya mfumo wa chama kimoja hakutaka bunge la watu waliopitishwa tu. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU walishindana katika majimbo mengi, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, na wapiga kura walimwangusha hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Lakini kura ile ilimgusa mbunge, haikuigusa sera. Mwaka 1972 halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa, mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa, na katikati ya miaka hiyo zikapita operesheni za kuwahamishia watu vijijini.

Nilikuwa na umri wa miaka minane tulipohamishwa, katika wilaya moja ya bara. Mahali tulipopelekwa palikuwa na udongo wa mfinyanzi ambao kila masika hugeuka tope linalofika magotini. Babu yangu alilijua hilo, na kila mzee wa pale alilijua. Kiongozi aliyekuja kutuonyesha viwanja alikuwa na ramani iliyochorwa vizuri, na wala hakuwa mtu mbaya. Nakumbuka aliwagawia watoto miwa. Wazee walinyamaza, kwa kuwa siku hizo aliyepinga kuhama aliitwa adui wa maendeleo. Mvua za mwaka uliofuata zilituangushia nyumba mbili kati ya tatu. Tangu hapo, kila ninaposikia neno "mtawala mwenye mwanga", hujiuliza mwanga huo unaingia kupitia dirisha gani, iwapo wanaojua wamefunga midomo.

Mwalimu mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba kuvunja halmashauri na ushirika lilikuwa kosa, na sheria za mwaka 1982 zikavirudisha vyote viwili. Kukiri kwake ni heshima kubwa ambayo watawala wachache wameweza kujipatia. Hata hivyo, hesabu miaka hiyo: halmashauri, miaka kumi, ushirika, miaka sita. Kosa la Singapore la mwaka 1984 lilidumu takriban mwaka mmoja, kwa sababu kulikuwa na uchaguzi mwezi Desemba. Tofauti hiyo haitokani na akili wala uadilifu wa viongozi hawa wawili, maana katika uadilifu ninamweka Mwalimu juu zaidi.

Mahali ambapo bildi ilivunjwa kabisa, gharama yake haielezeki kwa urahisi. China ilipoanza mpango wa Kuruka Mbele, wa kuharakisha kilimo na viwanda, mwaka 1958, viongozi wa chini walipeleka juu takwimu za mavuno ambayo hayakuwapo, kwa sababu aliyepeleka ukweli aliadhibiwa. Mwaka 1959 Waziri wa Ulinzi, Peng Dehuai, alimwandikia Mao Zedong barua ya faragha kueleza hali aliyoiona, akavuliwa cheo. Njaa iliyotokana na hayo iliendelea hadi takriban mwaka 1962. Watafiti hawakubaliani juu ya idadi ya waliokufa, lakini hata makadirio ya chini ni watu milioni 15. Mchumi Amartya Sen, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998, ameeleza kwa miaka mingi kwamba njaa kubwa ya namna hiyo haitokei katika nchi yenye vyombo huru vya habari na uchaguzi wa kweli, hata ikiwa nchi hiyo ni maskini, na India baada ya uhuru ndiyo mfano anaoutumia.

Bado kuna suala la jinsi utakavyompata mtawala huyo. Mwaka uleule wa 1965 ambao Singapore ilianza safari yake peke yake, Mobutu alitwaa madaraka huko Kongo mwezi Novemba, naye pia aliahidi nidhamu baada ya miaka ya fujo za wanasiasa. Aliondoka mwaka 1997, akiiacha nchi yenye utajiri mkubwa kupindukia ikiwa haina barabara. Januari 1971 watu wa Kampala waliimba na kucheza barabarani kumshangilia Idi Amin, kwa sababu walikuwa wamemchoka mtangulizi wake. Wazazi wetu ndio waliolipa sehemu ya bili ya shangwe zile, katika vita vya mwaka 1978 na 1979. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka, kama wewe, na hapakuwa na chombo cha kupimia kama aliyevaa sare mbele yao alikuwa Lee au Amin. Siku ile ya kwanza wote hufanana.

Na tuseme umempata aliye mwema kweli. Kaisari Joseph II wa Austria, aliyetawala peke yake kuanzia mwaka 1780, aliwafungulia wakulima minyororo ya utwana, akawaruhusu Waprotestanti na Waorthodoksi kuabudu, na alifanya kazi usiku na mchana. Hakutaka ushauri wa mtu. Januari 1790, akiwa mgonjwa, alilazimika kuzifuta karibu amri zake zote kwa upande wa Hungary, na mwezi uliofuata akafa. Jambo ambalo watu hawakushirikishwa kulijenga, hawakuona sababu ya kulilinda.

Sasa nirudi kwa kasoro zetu, kwani sitaki udhani ninazifunika. Mwaka 1995 uchaguzi wa Dar es Salaam uliharibika kiasi cha kufutwa na kurudiwa mwezi uliofuata. Mwaka 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa baada ya watu kupiga kura, na ule wa marudio wa Machi 2016 ulisusiwa na chama kikuu cha upinzani. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema kwamba mgombea urais akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo hapa nchini, Arusha, iliamua mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Chaguzi zetu za karibuni zimewaacha wengi na majeraha ambayo safu moja ya gazeti haiwezi kuyatibu. Ninakubali pia kwamba upo mpaka ambao, demokrasia ikiuvuka, haistahili tena kuitwa demokrasia yenye kasoro. Kura isiyoweza kumwondoa mtu si kura dhaifu, ni utawala wa imla uliovaa kanzu ya kuazima. Ukifika hapo, dawa unayoipendekeza ndiyo ugonjwa wenyewe.

Ila tazama kilichowezekana pale mlango ulipoachwa wazi kidogo. Pilau na kanga zilizokuudhi zilikuwa halali kisheria kwa miaka kadhaa, zikiitwa takrima. Asasi tatu za kiraia zilikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikatamka kwamba vifungu vya takrima vinakiuka Katiba. Kwamba pilau bado inapikwa, umeniambia wewe mwenyewe, lakini leo anayeipika anavunja sheria na unaweza kumshtaki. Kenya, yenye kasoro nyingi, ilishuhudia Mahakama ya Juu ikifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017. Malawi, nchi maskini kuliko yetu, ilifanya hivyohivyo Februari 2020, na katika marudio ya Juni aliyekuwa madarakani akashindwa na akaondoka. Botswana imekuwa na uchaguzi tangu uhuru wake wa mwaka 1966, imetumia almasi zake kwa uangalifu kuliko majirani wengi, na mwaka 2024 chama kilichotawala miaka 58 kilishindwa na kukabidhi madaraka kwa amani. Hakuna kati ya nchi hizi iliyosubiri mtu mwenye busara ashuke kutoka mbinguni.

Kuhusu mtaro wa nyuma ya nyumba yenu, wewe una kitu ambacho mwenyekiti, diwani na mtendaji hawana. Chora mchoro, andika makadirio ya gharama, nakili mara tatu, na ulete mezani katika mkutano wa tano. Omba pia taarifa ya mapato na matumizi ya mtaa isomwe, na jibu la kila mmoja liandikwe kwenye muhtasari. Lawama zinazozunguka hewani hukosa pa kukaa zinapoandikwa pamoja na majina na tarehe. Mpe mama yako salamu zangu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa somo la uraia, Kigamboni. Ninawafundisha wanafunzi kwamba Tume ya Jaji Nyalali ya mwaka 1991 ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee, na asilimia 20 tu wakitaka vyama vingi, lakini vyama vingi vikaanzishwa mwaka 1992. Mwanafunzi mmoja ameniuliza: je, demokrasia yetu haikuanza kwa kuwapuuza walio wengi? Sikuwa na jibu.
Mwalimu, Kigamboni

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako anastahili pongezi, na ninatamani ungenitajia jina lake la kwanza nimwandikie yeye moja kwa moja.

Takwimu hizo ni sahihi. Kwanza mweleze kwamba wengi miongoni mwa wale asilimia 80 hawakusema mambo yabaki kama yalivyokuwa. Walitaka chama kimoja kilichorekebishwa. Pili, Tume iliona kwamba mtu mmoja kati ya watano ni watu wengi mno kuwanyamazisha, na Mwalimu Nyerere, ambaye wakati huo hakuwa na cheo chochote serikalini, aliunga mkono mabadiliko. Kwa maana hiyo ninakiri kwamba uamuzi ule ulifanywa na viongozi wachache walioona mbali, na mwenzetu wa Tabata angeweza kuutumia kuutetea upande wake.

Lakini mwombe mwanafunzi atazame kila upande ulibaki na nini baadaye. Wale asilimia 80 hawakupoteza chama chao. Walikwenda kwenye vituo mwaka 1995, wakakipigia kura chama kilekile, na mgombea wake wa urais akashinda kwa takriban asilimia 62. Kama wangefuatwa wao, wale asilimia 20 wangekwenda kwenye vituo vilevile na kukuta karatasi isiyo na jina la mtu wao, na watoto wao vilevile, hata siku ambayo idadi yao ingekuwa imegeuka kuwa 80.